Alasiri Tano za Baba

Baba yangu alisali kwenye kiti kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu hakumsamehe mtu yeyote aliyemwambia kwamba Mungu anakubali. Alijua kwamba Mungu anakubali. Ugomvi wake ulikuwa na magoti. Msikitini kwetu, hapa Sib, mji wa Waarabu ng'ambo ya bahari, viti vya wagonjwa huwekwa pembeni mwa safu ya mwisho, viti vya plastiki vyeupe, na yeye ambaye alizoea kusimama nyuma ya imamu na kuwapanga watu bega kwa bega akajikuta kule nyuma na wazee ambao zamani alikuwa akiwaonea huruma. Doa la sijida kwenye paji la uso wake likaanza kufifia. Nilimwona mara mbili akilitazama kwenye kioo cha gari, na mara zote mbili nikajitia hamnazo.

Mimi ni Rawya, bintiye wa mwisho, na tangu mama afariki ni mimi ninayekaa naye. Kwa kazi ni mkemia. Niko kwenye maabara ya kiwanda kimoja cha vyakula huko Rusayl, na kila siku napima siki, achari na juisi kabla hazijapakiwa kwenda madukani: ukali kiasi gani, chumvi kiasi gani, kilevi kiasi gani. Bidhaa ikivuka kiwango, naizuia. Isipovuka, natia saini na kwenda kunywa chai. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa nililolifanya lisingewezekana kwa mtu mwenye kazi nyingine.

Hospitalini walisema magoti ya baba yanahitaji kubadilishwa lakini moyo wake hautahimili dawa ya usingizi. Basi kila jamaa akawa tabibu. Huyu alileta mafuta ya mbuni, yule akaleta habasoda, mwingine akapiga simu kutoka Unguja kuulizia kama tumeshajaribu kuchanja. Nilikuwa nimeshachoka na watu wote hao, nasema kweli, kiasi kwamba mwenzangu wa maabara, Mhindi wa Kerala, aliponiambia kuhusu matibabu ya kwao ya kumwagiwa maji ya dawa, nilimsikiliza ili tu nipate cha kukataa. Nikakosa. Alieleza bila kuahidi chochote, na mtu asiyeahidi kitu huwa namwamini.

Zahanati yenyewe ilikuwa Hamriya, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliyabonyeza magoti ya baba, akaukunjakunja mgongo wake, akasema siku saba. Kila siku, kwa dakika arubaini na tano, wahudumu wawili wangesimama kila upande wa kitanda cha mbao chenye mfereji pembezoni, wakimmwagia maji ya moto ya dawa kutoka kwenye mabirika, mkondo mwembamba wa unene wa kidole, kutoka mabegani mpaka nyayoni, bila kukatisha. Maji yanayoteremka kwenye mfereji hukingwa, yakapashwa tena, yakarudi. Mmoja akipanda na birika, wa pili anapanda naye. Mmoja akishuka, wanashuka pamoja. Baada ya hapo mgonjwa anafutwa kwa taulo, na haogi mpaka ipite saa moja na nusu.

Baba alipopelekwa chumba cha pili kupimwa presha, nilimuuliza daktari mna nini ndani ya hayo maji. Akanitajia: mchele, pepeta za mpunga, uwele, kunde, ndimu zilizokatwa, tangawizi kavu, mbegu za ajwani. Vyote vinatiwa kwenye mtungi mkubwa wa maji, vinafunikwa, vinapashwa moto mdogo kila siku kwa wiki mbili, mpaka vichache.

"Mpaka vichache," nikasema.

"Vikishachacha ndipo vinakuwa dawa," akasema.

Niliomba chupa ndogo ya maji hayo na asubuhi yake nikaipima kazini. Kilevi kilikuwa sehemu tatu katika elfu moja. Vilivyobaki ni ukali mtupu. Ingekuwa bidhaa ya kiwandani, ningeiandikia siki na kuipitisha bila kuinua kichwa. Na hivyo ndivyo nilivyofanya: nikaipitisha. Nilitia saini kwa niaba ya baba yangu, kimoyomoyo, nikaenda kunywa chai.

Sikumwambia kwa sababu namjua. Baba, Mzee Nasr, aliwahi kurudisha keki ya harusi ya mpwa wake, keki ya matabaka manne, kwa sababu ya kilevi kilichomo kwenye vanila. Nikimwambia maji yamechacha, atampigia simu Sheikh Yazid, mwalimu wake wa dini, Sheikh Yazid atataka kumuuliza aliye mkubwa kuliko yeye, wiki zitapita, na mwisho baba atasema si kitu, kiti kinatosha. Nilitaka apone. Pia nilitaka nisibishiwe, maana kwenye mambo ya kupima mimi ndiye ninayejua. Sababu hizi mbili zilikaa pamoja na sikuhangaika kuzitenganisha.

Siku ya kwanza, Jumapili, njiani akaniuliza, "Mna nini mle?"

"Majani na maji, baba. Dawa za mitishamba."

Tulipofika nikamtafuta mhudumu aliyepangwa kwake, Shaji, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa, nikamwambia kwa Kiarabu kwamba mzee akiuliza, jibu ni majani na maji. Akaniangalia.

"Yule mzee ni kama baba yangu," akasema.

"Ndiyo maana. Mwambie hivyo tu."

Akainamisha kichwa. Kibali chake cha kuishi nchini kiko kwenye mafaili ya watu wengine, na mimi nilikuwa mteja niliyesimama mbele yake na mkoba mzuri. Nililijua hilo wakati nazungumza naye na sikuona aibu.

Wanawake hawaingii upande wa wanaume, kwa hiyo nilikuwa nakaa ukumbini kwenye benchi, mlango umefungwa, nasikia maji. Tulikuwa tunafika saa nane na nusu. Maji yakikatika, kimya kidogo, halafu baba anatia udhu na kusali alasiri mle mle chumbani kabla ya kutoka, maana hakuwa mtu wa kuiacha sala ingoje foleni ya magari. Jumapili alisali kitini. Jumatatu vilevile.

Jumanne alitoka na alama za ukili wa mkeka kwenye paji la uso. Tulishuka ngazi, tukaingia garini, nikawasha, tukafika mpaka Ghubra, ndipo akasema, "Rawya, leo nimeshuka."

Nikamuuliza ameshuka wapi, mjinga mimi.

"Chini, mwanangu. Nimesujudu." Akaanza kulia, na akalia mpaka karibu na nyumbani, mikono imelala mapajani, hakujifuta. Nilifurahi mno. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa nimeshika usukani. Na katikati ya furaha nikajipongeza pia, kwamba nilijua kuamua.

Lakini ilikuwa alasiri peke yake. Viungo vikiwa bado na moto wa ile dawa, vinakubali. Ikifika magharibi vimeshakaza, na baba anarudi kwenye kiti. Hakunung'unika. Alisema siku nzima anaisubiri alasiri moja hiyo. Jumatano akashuka tena. Alhamisi akashuka, na nilimsikia kutoka ukumbini akivuta takbira kwa sauti ambayo hakuwa nayo mwezi uliotangulia.

Siku hiyo hiyo ya Alhamisi, baada ya sala, hakutoka. Nilisubiri. Kumbe alikuwa amempenda Shaji. Walikuwa wakizungumza kwa Kiarabu na Kihindi cha kuokoteza, na baba akamwomba amwonyeshe jikoni wanakopikia dawa. Shaji naye anaona fahari na kazi yake; ni mjomba wake aliyemfundisha. Akampeleka. Jiko liko mwisho wa ukumbi. Akaufunua mtungi.

"Rawya. Hebu njoo hapa."

Nilipoingia, baba alikuwa ameinama juu ya mtungi, fimbo mkononi. Juu ya maji kulikuwa na povu jembamba, na vipande vya ndimu vikielea. Harufu ilijaa jiko zima. Shaji ameshika kifuniko kwa mikono miwili, hajui akiweke wapi.

"Hii nini?" baba akauliza.

"Dawa, baba."

"Mimi nimekulia Wete. Kitu kilochacha nnakijua hata nikiwa usingizini. Nnakuuliza hii nini."

"Imechacha. Lakini imeshakuwa siki, baba. Nimeipima mwenyewe."

"Umeipima lini?"

Hapo ningeweza kudanganya, na niliitafuta njia. "Kabla hujaanza."

"Kabla sijaanza." Alilirudia polepole. "Na huyu nilimuuliza siku ya kwanza, akanambia majani na maji."

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo."

Baba hakunitazama. Alimgeukia Shaji, akamwekea mkono begani, akamwambia kwa Kiarabu, "Tusamehe, mwanangu." Halafu akatoka na fimbo yake, akashuka ngazi bila kunisubiri nimshike.

Garini nilijitetea. Nilimwambia sehemu tatu katika elfu, nikamwambia tofauti ya kilevi na siki, nikamwambia mkate ukiumuka nao hutoa kilevi kidogo na mkate anaula kila asubuhi. Nilikuwa nasema kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Sikukuuliza," akasema, na hilo ndilo neno lake la pekee mpaka tukafika. Nyumbani alioga, akabadilisha kanzu, akaitoa ile ya mwanzo ifuliwe mbali na nguo nyingine. Magharibi akasali kitini, isha kitini.

Ijumaa zahanati imefungwa. Asubuhi, baada ya chai, alimpigia simu Sheikh Yazid, akaweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake hayashiki vizuri, hivyo nikasikia kila kitu kutoka jikoni. Alieleza yote sawasawa, hakupunguza wala kuongeza, hata mimi hakunitaja kwa ubaya. Alisema tu kwamba hakuwa amejua. Sheikh Yazid akauliza inanuka vipi, ina ladha gani, inalewesha? Baba akanipigia kelele kutoka sebuleni, "Inalewesha?" Nikasema haileweshi mtu hata akinywa ndoo.

"Basi, Mzee Nasr," sheikh akasema, "hiyo imeshageuka siki, na siki twaila majumbani mwetu. Sala zako zimesihi. Usijitaabishe."

Baba akamshukuru, akamwombea dua, akakata simu. Mimi nikatoka jikoni na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa sijaufuta uso huo nilipomkuta anatandika mkeka.

"Baba, sheikh kasema huna haja ya kurudia."

"Kasema."

"Sasa wafanya nini?"

"Jumapili na Jumatatu nilisali kitini. Hizo ntazisali kitini. Jumanne, Jumatano, Alhamisi nilishuka. Hizo ntashuka."

"Magoti yamepoa, baba. Hujamwagiwa leo. Utaumia bure, na mwenyewe umesikia kuwa si lazima."

"Nenda kashughulike na kazi zako, Rawya."

Sikuwa na kazi. Nilikaa kwenye ngazi za ndani, mahali ambapo yeye hanioni, nikahesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko ninakokujua. Alasiri rakaa nne. Mbili za mwanzo kitini, zilipita. Zilizobaki tatu ni rakaa kumi na mbili, na kila rakaa sijida mbili: mara ishirini na nne kwenda chini.

Alasiri husaliwa kimya, kwa hiyo nilichokuwa nikisikia ni takbira na mwili. Mkono unashika ukingo wa kochi. Goti la kulia linagusa mkeka, pumzi inakatika, goti la kushoto linafuata. Halafu hakuna sauti. Halafu kochi linalia, anajivuta juu. Baada ya sala ya pili kati ya zile tatu alipumzika kidogo, nikasikia akimeza mate. Nikadhani ataomba kiti. Akasimama tena. Sijida ya kumi na tisa alikaa chini muda mrefu mpaka nikainuka, nikafika mlangoni, nikamwona: kanzu nyeupe imekunjamana mgongoni, nyayo zimesimama juu ya vidole vinavyotetemeka. Nikarudi kwenye ngazi kwa sababu sikuwa na haki ya kuwa pale. Nilimwogopea na nilimkasirikia, yote kwa wakati mmoja, na kabla ya ishirini na mbili hasira ilikuwa imeshaisha, nimebaki na woga tu.

Akatoa salamu. Nikasubiri asimame.

"Rawya," akaita. "Njoo un'nyanyue."

Nilimshika kwapani. Alikuwa amelowa jasho na miguu haikumsaidia hata kidogo. Nilimvuta kama mtu anavyovuta gunia, mpaka kochini. Nikamletea maji. Akanywa yote.

"Sala zilisihi, baba," nikasema. Sijui kwa nini bado nilikuwa nalishikilia hilo.

"Nnajua zilisihi. Sheikh hajakosea, na wewe kwenye vipimo vyako hujakosea." Akaweka gilasi chini. "Lakini siku ile ya Jumanne, nilipoliweka paji la uso chini baada ya miaka mitatu, unajua nilisema nini? Nilimshukuru Mungu. Nikasema, ya Rabbi, umen'nyanyua kwa majani na maji, hukutaka hata kisu kipite mwilini mwangu. Majani na maji, Rawya. Jumatano nikasema tena. Jana nikasema tena. Nimemwambia Mungu uongo mara tatu, paji la uso liko chini, na mwenyewe nnadhani nnasema kweli. Leo nimekwenda kumshukuru nikijua nnashukuru nini."

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Nikalia, na sikumbuki nilisema nini zaidi ya nisamehe.

"Nimekusamehe," akasema, upesi, kama anavyosamehewa mtu aliyevunja kikombe.

Jumamosi alinambia nimpeleke. Nilikuwa sijathubutu kuuliza. Nilipofika nilimwomba Shaji radhi mbele yake, kwa Kiarabu, maneno kamili, kwa sababu baba alisimama mlangoni na hakutaka kuingia mpaka nimalize. Shaji aliona haya kuliko mimi. Siku ya sita na ya saba zikapita salama, akashuka zote mbili. Sasa ni miezi minne. Siku nyingine alasiri anashuka, siku nyingine anakaa kitini, na wiki ijayo daktari anataka aanze siku saba nyingine. Miadi ameipanga mwenyewe kwa simu, na orodha ya vilivyomo akaomba asomewe na daktari.

Hatujagombana tena. Ananiita mwanangu kama zamani, ananiuliza habari za kazi, ananicheka ninavyoendesha gari. Ila kila ninachomkabidhi mkononi, kidonge cha presha, matone ya macho, hata chai, hukishika kwanza na kuuliza, "Mna nini?" Haulizi kwa ukali. Namwambia: majani ya chai, maziwa, sukari nusu kijiko, iliki mbili, tangawizi. Ananingoja mpaka nimalize, ananitazama usoni kidogo, ndipo anakunywa.